Eropleni Ndogo Ziongozwazo kwa Redio

Bonde la Kilombero liko kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na mji wake mkubwa ni Ifakara. Ni nchi tambarare, yenye mto mkubwa na mashamba mengi ya mpunga. Mpunga unapoanza kukomaa, ndege hushuka makundi kwa makundi kula punje, na watu hukaa juu ya dungu tangu alfajiri hata jua kuchwa, wakiamia ndege. Kazi hii huchosha, lakini ina elimu yake. Mwenye kukaa juu ya dungu siku nyingi huyajua mambo ya ndege kuliko mtu wa mjini. Huona ya kuwa kweleakwelea hupiga mabawa upesi upesi bila kupumzika, lakini mwewe huyatandaza mabawa yake, akazunguka muda mrefu pasipo kuyapiga, wala haanguki. Huona tena ya kuwa korongo hawapandi juu sana asubuhi mapema. Hungoja mpaka jua limekwisha kuipasha nchi moto, ndipo wanapopanda wakizunguka, hata wakawa kama nukta mbinguni.

Kwa nini mwewe haanguki? Swali hili limewashughulisha watu tangu zamani, na wengi walioitafuta jawabu yake walianza kwa vitu vidogo vya kuchezea. Hata leo, ijapokuwa eropleni kubwa huchukua mamia ya watu kuvuka bahari, wako watu wazima katika Marekani, Ulaya, Japani, Afrika ya Kusini na nchi nyingine, ambao hutumia siku zao za mapumziko kurusha eropleni ndogo zisizoweza kuchukua hata mtoto mchanga. Mwenye kuirusha husimama chini uwanjani, naye huiongoza kwa redio. Katika watu hao wamo mafundi, waganga, wakulima, walimu, na hata marubani wa eropleni kubwa.

Mtu asiyeujua mchezo huo huweza kucheka, akauliza, "Mzee mzima kucheza kama mtoto, apata faida gani?" Swali hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa.

1. Asili ya mchezo huu

Mwaka wa 1871, katika bustani moja ya mji wa Paris, Mfaransa kijana aitwaye Alphonse Pénaud alirusha eropleni ndogo aliyoiunda mwenyewe. Haikuwa na injini. Rafadha yake, yaani panga lile lizungukalo, ilizungushwa kwa uzi wa mpira uliosokotwa. Iliruka kadiri ya mita 40 kwa muda wa sekunde 11, ikatua salama. Pénaud aliweka mkia mdogo nyuma ya mabawa, naye alionyesha ya kuwa mkia huo huifanya eropleni ijirudishe sawa yenyewe inapoyumbishwa na upepo.

Miaka saba baadaye, mwaka wa 1878, askofu mmoja wa Marekani, jina lake Milton Wright, alirudi nyumbani kutoka safarini akiwa ameficha kitu mikononi. Alipoingia alikirusha juu mbele ya wanawe wawili wadogo, Wilbur na Orville. Kitu kile hakikuanguka kama walivyodhani, bali kilipanda mpaka darini, kikapigapiga pale, ndipo kikaanguka. Kilikuwa kichezeo cha mwanzi, kizibo na karatasi, kilichozungushwa kwa mpira, kwa mfano wa kazi za Pénaud. Watoto wale wakakiita "popo." Hakikudumu siku nyingi mikononi mwao, kilivunjika. Lakini hawakulia tu. Walijaribu kuunda vingine mfano wake, na kila walipokifanya kikubwa zaidi, kilikataa kuruka vema. Hawakujua sababu, ila swali lilibaki mioyoni mwao.

Walipokuwa watu wazima walilirudia swali lile. Mwaka wa 1900 waliunda chombo chenye mabawa makubwa, nao hawakufanya haraka kukipanda. Zaidi walikirusha kama kishada, wakasimama chini na kukiongoza kwa kamba, ili wajue upepo unakifanyaje. Hatimaye, tarehe 17 Desemba 1903, Orville aliruka kwa eropleni yenye injini muda wa sekunde 12, akaenda mita 37. Watu wengi wa dunia wanaijua siku hiyo. Walio wachache ndio wanaojua ya kuwa mwanzo wake ulikuwa kichezeo kilichovunjika nyumbani kwa askofu.

Kuongoza kwa redio kulikuja baadaye. Wazee waliiita redio "simu ya upepo," kwa sababu habari zake hupita hewani pasipo waya. Katika mji wa Kalamazoo, Marekani, walikuwako ndugu wawili mapacha, Walter na William Good. Walter alikuwa hodari wa kuunda eropleni ndogo, na William alikuwa hodari wa mambo ya redio. Mmoja peke yake asingaliweza. Wawili pamoja waliweza. Mwaka wa 1937 waliirusha eropleni yao, ambayo mabawa yake yalikuwa na upana wa kadiri ya mita mbili na nusu, nayo ikaitii redio. Eropleni hiyo imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho.

2. Jinsi eropleni inavyokaa hewani

Kila mtu aliyewahi kubeba bati la kuezekea nyumba siku yenye upepo amejifunza nusu ya habari hii. Akilibeba bati likiwa limelala sawasawa na upepo, hulipeleka kwa urahisi. Akiliinua kidogo upande ule utokao upepo, mara bati hutaka kumnyanyua. Upepo hulipiga kwa chini na kusukumwa uende chini, na kwa kuwa bati limeusukuma upepo chini, upepo nao hulisukuma bati juu.

Bawa la eropleni hufanya kazi hiyo hiyo, lakini kwa ustadi. Limepindwa kidogo kwa juu, na makali yake ya mbele yameinuliwa kidogo kuliko ya nyuma. Linapopita hewani kwa mwendo wa kutosha, hewa ipitayo juu yake huenda upesi, na msukumo wake hupungua. Hewa iliyo chini husukuma kwa nguvu zaidi. Hivyo bawa hunyanyuliwa. Mwanafunzi aweza kujaribu jambo hili sasa hivi. Na ashike kipande chembamba cha karatasi mbele ya mdomo wake, kikining'inia, kisha apulize kwa nguvu juu yake. Karatasi haitasukumwa chini, bali itainuka.

Basi eropleni, kubwa au ndogo, ina nguvu nne juu yake. Uzito huivuta chini, na mabawa huinyanyua. Rafadha huivuta mbele, na hewa huizuia. Zikilingana, eropleni huenda sawa. Mwendo ukipungua kupita kiasi, hewa haiwezi tena kulifuata bawa vizuri. Mabawa hupoteza nguvu yao kwa ghafula, na eropleni huanguka kama jiwe. Jambo hili ndilo lililoua marubani wengi wa zamani, na ndilo linalovunja eropleni ndogo nyingi za wanaoanza kujifunza.

Na mwewe je? Mwewe hana rafadha. Lakini jua linapoipasha nchi moto, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, huwa nyepesi, na hupanda juu. Mwewe na korongo huitafuta hewa hiyo ipandayo, wakazunguka ndani yake, nayo huwachukua. Wako wenye kurusha eropleni ndogo zisizo na injini kabisa, ambao hufanya vile vile. Huangalia ndege walipo, kisha hupeleka eropleni zao papo hapo. Ndege ndio walimu wao.

3. Jinsi redio inavyoiongoza

Mwenye kuongoza hushika mkononi kisanduku chenye vijiti viwili vifupi. Kila akisogeza kijiti, kisanduku hupeleka ishara hewani, na ishara huenda upesi kama mwanga. Ndani ya eropleni mna chombo kidogo cha kuipokea ishara ile, nacho huviamuru vijimota vidogo, ambavyo vingine si vikubwa kuliko sanduku la kiberiti. Vijimota hivyo huvuta nyaya nyembamba, na nyaya hugeuza vipande vya mabawa na vya mkia.

Vipande hivyo ni vya namna tatu. Kipande kilicholala mkiani huinua pua ya eropleni au kuishusha. Kipande kilichosimama mkiani huigeuza kuume au kushoto, kama usukani wa jahazi. Na vipande viwili vilivyo nyuma ya mabawa, ambavyo kimoja huinuka kingine kikishuka, huilaza eropleni upande, kama ndege anavyojilaza anapozunguka. Kuna tena kijiti cha kuongeza nguvu ya injini na kuipunguza. Hayo ndiyo yote. Mtu aweza kujifunza maana yake kwa nusu saa. Kujifunza kuyatumia vema huchukua miezi.

4. Furaha ya kuunda

Sehemu ya kwanza ya furaha ya mchezo huu haiko uwanjani, bali iko mezani nyumbani. Wengi huunda eropleni zao wenyewe. Zamani ziliundwa kwa mbao za mti wa balsa, ambao humea katika nchi za joto za Amerika, na mbao zake ni nyepesi karibu kama moyo wa bua la hindi. Siku hizi nyingi huundwa pia kwa povu gumu jeupe, lile linalotumika kufungia vyombo visivunjike njiani.

Watoto wanaotengeneza magari ya mabua wanaijua furaha hii. Lakini gari la mabua likipinda kidogo, bado litavutwa kwa kamba. Eropleni haisamehi hivyo. Bawa moja likiwa zito kuliko la pili, italala upande. Mkia ukiwa mzito kuliko pua, itainua kichwa, itapoteza mwendo na kuanguka. Kwa hiyo fundi hupima kila kitu kwa mizani. Huiinua eropleni kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, aone kama imelingana. Ikiwa haikulingana, huongeza kipande kidogo cha risasi puani au husogeza betri mbele. Hakuna awezaye kumficha kosa lake. Kazi iliyofanywa ovyo itajulikana asubuhi ya kwanza ya kuirusha, mbele ya macho ya watu wote.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kitu kilichonunuliwa na kitu kilichoundwa. Yule aliyepitisha jioni nyingi akikata, akipiga msasa na kugundisha, anapoiona kazi ya mikono yake ikiiacha ardhi kwa mara ya kwanza, moyo wake hupanda pamoja nayo.

5. Ugumu wa kuongoza

Rubani wa eropleni kubwa hukaa ndani yake. Ikiinuka, naye huinuka. Ikilala upande, mwili wake humwambia. Mwenye kuongoza kwa redio hana msaada huo. Amesimama chini, na eropleni iko mbali mbele yake, huenda si kubwa machoni pake kuliko shomoro. Ni lazima aijue hali yake kwa macho tu.

Tena kuna jambo moja ambalo humshangaza kila mwanafunzi. Eropleni inapomwacha na kwenda mbali, kuume kwake ni kuume kwa eropleni. Lakini inapogeuka na kumrudia, mambo hugeuka pia. Sasa kuume kwa eropleni ni kushoto kwake, kama watu wawili wanaotazamana. Mwanafunzi huona eropleni inakwenda upande wa mti. Husogeza kijiti ili kuiepusha, nayo huzidi kuufuata mti. Hushikwa na hofu, husogeza zaidi, na eropleni huupiga mti. Hakukosa nguvu wala nia njema. Alikosa jambo moja tu: aliongoza kama vile yeye ndiye aliyekuwa katikati ya mambo yote. Aliyekwisha kujifunza hufanya vingine. Kwa fikira zake hujiweka ndani ya eropleni, akatazama kutoka huko, na kuume kwa eropleni kunakuwa kuume kwake.

Hofu ina hila nyingine. Eropleni ikiwa chini na mwendo wake umepungua, mkono wa asiyezoea hutaka kuivuta pua juu ili isianguke. Kumbe kuivuta juu ndiko kunakoiondolea mwendo uliobaki, na huanguka mara moja. Dawa yake ni kinyume cha hofu: kuishusha pua kidogo na kuongeza nguvu, mpaka mwendo urudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wapiga makasia wa mto Kilombero wanaujua ukweli wa namna hii. Mtu apiganaye na mkondo wa masika kwa nguvu za mikono tu huchoka na kuchukuliwa. Aujuaye mkondo hupita pale unapomruhusu. Upepo na maji havitawaliwi kwa amri. Hutumiwa na yule anayekubali kwanza kuzitii kanuni zake.

Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuupenda mchezo huu. Upepo haumjali tajiri kuliko maskini, wala mkubwa kuliko mdogo. Hauwezi kuhongwa wala kubembelezwa. Mtu akifanya vema, eropleni huruka. Akifanya vibaya, huanguka, na sababu yake hupatikana kwa kutafuta. Mtu ambaye kutwa nzima amesikia maneno mengi ya watu hupumzika anapokutana na mwalimu asiyesema uongo kamwe.

6. Mwanafunzi na mwalimu wake

Ni vigumu mtu kujifunza peke yake bila kuvunja eropleni nyingi. Kwa hiyo wenye mchezo huu hukutana katika vyama, na waliozoea huwafundisha wanaoanza. Iko njia moja nzuri ya kufundisha. Huunganishwa visanduku viwili, kimoja cha mwanafunzi na kimoja cha mwalimu. Mwalimu huirusha eropleni mpaka juu sana, kisha hubonyeza swichi, na uongozi huwa wa mwanafunzi. Mwanafunzi akikosea, mwalimu huiachia swichi, na mara eropleni huitii mikono ya mwalimu, ambaye huinyosha na kuipandisha tena. Kisha humrudishia mwanafunzi.

Mwalimu mwenye busara haichukui mapema mno, kwa maana mwanafunzi asiyepewa nafasi ya kukosea hajifunzi kurekebisha. Wala haichukui kwa kuchelewa, kwa maana ardhi haingoji. Katika viwanja hivyo mtu aweza kumwona kijana wa miaka 12 akimfundisha mzee wa miaka 60, na mzee husikiliza kwa adabu, kwa sababu pale heshima hupatikana kwa ujuzi.

7. Mzee aliyevusha bahari

Katika wote walioupenda mchezo huu, hakuna anayekumbukwa kwa heshima kuliko Maynard Hill, Mmarekani. Alipokuwa na umri wa miaka 77, macho yake yalikuwa karibu yamepofuka. Hata hivyo alikusudia jambo ambalo hakuna mwenye mchezo huu aliyewahi kulifanya: kuirusha eropleni ndogo kutoka Amerika mpaka Ulaya, juu ya bahari ya Atlantiki.

Kanuni za mashindano zilitaka eropleni isizidi kilo 5, pamoja na mafuta yake yote. Majaribio ya kwanza hayakufaulu. Eropleni zilizotangulia hazikufika ng'ambo. Hill na rafiki zake walirudi mezani, wakaunda tena. Mnamo Agosti mwaka wa 2003, katika pwani ya Newfoundland, aliirusha hewani nyingine kwa mkono wake. Baada ya kupaa iliachiwa chombo cha ndani kilichoiongoza kwa kufuata ishara za setilaiti, kwa kuwa hakuna jicho liwezalo kuona ng'ambo ya bahari. Ilikwenda usiku na mchana na usiku tena. Baada ya saa 38 na dakika 52 ilionekana Ireland, na rafiki yake aliyekuwa akingoja huko aliishika kwa redio, akaitua. Ilikuwa imekwenda zaidi ya kilometa 3,000, na mafuta yake yalikuwa karibu yamekwisha.

Hill hakuiona ikitua. Alikuwa upande wa pili wa bahari. Aliambiwa kwa simu. Lakini kazi iliyoifikisha ilikuwa yake: miaka ya kupima, kukosea, na kupima tena.

8. Mchezo uliozaa kazi

Ujuzi uliopatikana kwa kucheza haukukaa michezoni. Eropleni ndogo zisizo na rubani hutumika sasa kwa mambo mengi. Nyingine, kwa huzuni, hutumika vitani kuua watu, wala si vema kulificha jambo hilo. Lakini katika Afrika ya Mashariki ziko habari nyingine, zilizo njema.

Katika Rwanda, tangu mwaka wa 2016, eropleni ndogo hupeleka damu katika hospitali zilizo mbali milimani. Hurushwa kwa chombo mfano wa manati kubwa. Zinapofika hazitui, bali huangusha sanduku lenye mwavuli, kisha hurudi zilikotoka.

Mwaka huo huo wa 2016 ilianza kazi ya kuichora ramani mpya ya Unguja na Pemba kwa eropleni za povu zisizofika uzito wa kilo 1. Zilirushwa kwa mkono, na wanafunzi wa Zanzibar walikuwa miongoni mwa walioshiriki kazi hiyo. Na mwaka wa 2018 eropleni isiyo na rubani ilijaribiwa kwa muda wa miezi sita kupeleka dawa kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe. Ilipaa wima bila kuhitaji kiwanja, kisha ikaenda mbele kama eropleni nyingine, ikavuka kilometa 60 kwa kadiri ya dakika 40.

Habari ya nne inawagusa zaidi watu wa Kilombero. Mpunga hupenda maji yaliyotuama, na mbu waletao malaria hupenda maji hayo hayo kutaga mayai. Hivyo shamba limpalo mtu chakula laweza kumpa na homa. Katika Ifakara wataalamu wamekuwa wakiwachunguza mbu na magonjwa ya bonde hili tangu miaka ya 1950, na Taasisi ya Afya ya Ifakara inajulikana duniani kwa kazi hiyo. Viluwiluwi vya mbu huishi majini, lakini ni lazima vipande juu kupumua. Basi mwaka wa 2019, katika mashamba ya mpunga ya Cheju, Unguja, wataalamu walijaribu kutumia vyombo vidogo virukavyo bila rubani kunyunyizia juu ya maji dawa itandaayo kama utando mwembamba, ili viluwiluwi visiweze kupumua. Mtu mmoja akitembea kwa miguu na bomba mgongoni hupita polepole matopeni. Chombo kirukacho hakikanyagi mpunga wala hakizami.

Mwenye kucheka mzee anayecheza uwanjani hana budi kukumbuka mambo hayo. Mikono iliyojifunza katika michezo ndiyo iliyoonyesha njia. Wala si kila mchezo huzaa kazi, na si lazima uzae. Lakini mchezo unaodai subira, ukweli na bidii humtengeneza mtu, hata kama eropleni yake haitachukua kamwe chupa moja ya dawa.

9. Hadhari

Eropleni ndogo ina rafadha inayozunguka upesi sana, nayo yaweza kukata vidole. Ikianguka juu ya mtu, yaweza kumjeruhi vibaya. Ikikutana na eropleni kubwa yenye watu, yaweza kuwaangamiza wote. Kwa sababu hiyo hairushwi juu ya mikutano ya watu, wala karibu na viwanja vya ndege, kama kile cha Ifakara.

Katika Tanzania, mwenye kutaka kurusha eropleni isiyo na rubani ni sharti apate kwanza kibali cha serikali, na jambo hili liko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katika hifadhi za taifa, kama ile ya milima ya Udzungwa, hairuhusiwi kurusha bila ruhusa, maana sauti yake huwatia wanyama hofu. Mwenye mchezo wa kweli hachukizwi na sheria hizo. Amekwisha kujifunza kuutii upepo. Haoni vigumu kuwajali jirani zake.

Kazi ya mikono

Kunja karatasi kwa mfano wa eropleni, uirushe polepole mahali pasipo na upepo. Ikiinua pua na kuanguka, bandika kidonge kidogo cha udongo puani. Ikipiga mbizi, kipunguze. Endelea hivyo mpaka iende sawa. Kisha kunja juu kidogo ncha ya nyuma ya bawa moja, uandike katika daftari yaliyotokea.

Maswali

1. Kwa nini korongo hawapandi juu sana asubuhi mapema?
2. Askofu Wright aliwaletea wanawe kitu gani, nao walifanya nini kilipovunjika?
3. Eleza sababu ya eropleni kuanguka mwendo wake unapopungua kupita kiasi.
4. Mwanafunzi aliyeipiga eropleni yake mtini alikosa nini?
5. Mwalimu mwenye visanduku viwili aichukue eropleni wakati gani, na kwa nini si mapema wala si kwa kuchelewa?
6. Dawa iliyonyunyizwa katika mashamba ya Cheju huwazuiaje mbu? Je, ingefaa katika mashamba ya Kilombero? Toa sababu zako.